Mama wa Orodha Tano

Wauza makaa wa Sake walidhani Pwefokali ni jina alilobatizwa nalo. Walimwita Mama Pwefokali kwa adabu zote, naye aliitika bila kuwasahihisha. Kumbe lilikuwa jina la kazi. Serikali ilipotaka mtu mmoja wa kukusanya orodha za vikwazo kutoka ofisi mbalimbali za Masisi na Walikale, ilimpa cheo cha Kifaransa, point focal, na midomo ya watu ikakilainisha mpaka kikageuka jina. Jina lake la kweli ninalijua. Sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alinifundisha kwamba jina la mtu haliandikwi hovyo.

Kwetu kuna watu waliokatazwa. Wengine wamekatazwa na nchi za nje, wengine na serikali yetu: wasinunue madini, wasivuke mpaka, wasiweke akiba benki, kwa kuwa imeonekana wanawalisha wenye bunduki. Majina yao huandikwa kwenye orodha. Shida ni kwamba orodha hazikuwa moja. Ofisi ya madini ilikuwa na yake, forodha yake, uhamiaji yake, polisi yake, na ofisi kuu ya teritwari, yaani wilaya, yake. Mtu aliweza kupita Sake asubuhi akiwa raia mwema, na jioni akafika Masisi-katikati akiwa mhalifu. Kazi ya Mama ilikuwa kuzifanya hizo orodha tano ziseme neno moja.

Mimi nilikuwa mtumishi wa moja ya ofisi hizo, nisiyotaka kuitaja, kwenye kizuizi cha Sake, pale njia za Goma, Masisi na Minova zinapokutana. Nilikuwa na meza, muhuri, na orodha ya kurasa chache iliyonakiliwa kwa mashine mara nyingi mpaka herufi zake zikanenepa. Nilijiona mtu mkubwa.

Yeye alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima milima tangu utoto, na alivaa buti za mpira hata siku za jua, akisema jua la Masisi haliaminiki. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Karatasi zake alizitia ndani ya bidoni, dumu la maziwa lililokatwa juu, akaifunika, akaibeba mgongoni kwa kikwembe jinsi mama anavyombeba mtoto. Mvua ikinyesha, yeye alilowa, orodha hazikulowa.

Nilimjua vizuri kwa sababu ya kosa langu, na kosa lenyewe lilikuwa hili.

Mwuza viazi mmoja wa Ngungu alifika kwenye kizuizi akiwa juu ya lori, anapeleka magunia yake Goma. Nitamwita Bahati, jina ambalo kwetu kila kilima kina watu wake kadhaa. Nilipochukua kitambulisho chake nikakilinganisha na orodha, nikaliona jina lake pale, majina yote mawili, herufi kwa herufi. Nilifurahi, sitaficha. Nilimshusha na magunia yake. Alisema yeye ni mkulima, hajawahi kuugusa mchanga wa madini. Nilimwambia wote husema hivyo. Tulimtia kasho, yaani chumba kile cha mbao nyuma ya ofisi, na nikaripoti kwa simu. Nikajibiwa kwamba gari litakuja Ijumaa kumpeleka Goma, na kutoka Goma angeweza kupelekwa mbali zaidi. Sote tulijua maana yake. Mtu akishapakiwa kwenye gari lile, faili lake hutangulia mbele na yeye hubaki nyuma, miaka inapita.

Ripoti yangu ya simu ilimfikia Mama, naye alifika Jumatatu adhuhuri, matope mpaka magotini. Nilisimama. Hakuniamkia. Aliuliza aliyemleta yule mtu ni nani, nikasema ni mimi.

"Uliona nini?"

"Niliona jina kwa liste, Mama."

"Uliona jina," akasema. "Na yeye, ulimuona?"

Sikuelewa. Aliomba mwuza viazi atolewe kasho, akamkalisha kwenye kiti changu. Hakumwuliza habari ya madini hata kidogo. Alimwuliza baba ya baba yake aliitwa nani, mama yake ni wa kilima gani, alisomea shule ipi, na nani alimbatiza. Bahati alijibu, na Mama aliandika kwa penseli kwenye kaye, daftari lake, taratibu, akirudia kila jina ili mwenyewe alisikie. Kisha akaichukua orodha yangu, akaigeuza, akaniuliza ukurasa unaofuata uko wapi.

Nikamwambia ndiyo hiyo yote. Akafungua bidoni yake, akatoa orodha ya ofisi ya madini, akaiweka kando ya yangu. Yangu ilikatika chini ya jina la Bahati. Ile nyingine iliendelea juu ya ukurasa wa pili: mtu huyo ni mzee wa karibu miaka sitini, mzaliwa wa upande wa Walikale, mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili. Mama akamwomba mwuza viazi aweke mikono mezani. Vidole kumi, vyenye udongo wa Ngungu kwenye kucha, vya mtu wa miaka thelathini.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikashika ufunguo ili nimpe vitu vyake aende.

"Aende wapi?" Mama akauliza. "Ukimuachilia hapa, kesho watamukamata Masisi. Wakimuachilia Masisi, watamukamata Walikale. Jina yake inapaswa kutoka kwa yule muntu fasi zote tano, ofisi kwa ofisi." Akaanza kuufunga mzigo wake. "Kuandika jina ni wino tu, Papa. Kufuta jina ni miguu. Utakuja na miye."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujua barabara za teritwari yetu. Tulipanda pikipiki pale ilipowezekana na tukatembea pale ilipozama. Katika kila ofisi aliwaonyesha kurasa mbili na kaye yake, akataka sahihi na muhuri kwenye barua moja inayosema kwamba Bahati wa Ngungu, mjukuu wa fulani, si yule aliyekatazwa. Ofisi tatu zilitia sahihi, nyingine kwa kununa. Ya nne, shefu wake alikataa. Alisema hawezi kugusa jambo la orodha bila amri ya Goma, na mlango akaufunga.

Mama hakubishana naye. Alikaa kwenye benchi mbele ya mlango ule, akatandika kikwembe mapajani, akaanza kuambua maharage aliyonunua njiani. Kila aliyeingia alimwamkia, maana wote walimjua, na kila mmoja alimwuliza anangoja nini. Yeye aliwajibu wote kwa sauti ileile ya upole kwamba anamngoja shefu aseme kama mtu mwenye vidole kumi ana vidole vinane. Mwuguzi aliingia, akauliza, akajibiwa. Mwalimu, vilevile. Pasta, vilevile. Maharage yalipokaribia kwisha, shefu alitoka mwenyewe na muhuri mkononi, akatia sahihi akiwa amesimama, akarudi ndani. Mama alimshukuru kwa heshima kamili na kumwachia nusu ya maharage.

Ofisi ya tano haikusumbua; tulirudi Sake Alhamisi mchana, sahihi zote tano zimetimia. Bahati, aliyekuwa akitungoja pale, alipokea barua yake kwa mikono miwili. Mama alimwonya asiiweke mfuko wa suruali, jasho litaila, akampa kipande cha plastiki cha kuifungia. Viazi vyake vilikuwa vimeoza vingi. Alimshika Mama mikono kwa muda mrefu. Mbele yangu alipita bila kuniangalia, na sikuwa na haki ya kuangaliwa.

Nilingoja barua ya kufukuzwa. Kumzuia mtu kwa ukurasa nusu ni kosa linaloweza kumwondoa mtumishi kazini, na yeye alikuwa na uwezo wa kuandika. Wiki zikapita, barua haikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nifike Masisi-katikati, kwa sababu nina sauti nzuri ya kusoma.

Mikutano ile ya Jumatatu aliianzisha yeye. Kabla yake kila shefu aliificha orodha yake kama mchezaji anavyoficha karata, kwa kuwa aliyejua jina ambalo mwenzake halijui alijiona amempita. Mama aliwaita mezani na jambo la kwanza aliwalisha. Alipika mwenyewe, maharage na viazi, wakati mwingine sombe ya majani ya mihogo. Alisema muntu wa njaa anafichaka kila kitu. Baada ya kula, mtu mmoja alisoma orodha yake kwa sauti, jina moja moja, na yeyote aliyekuwa nalo tofauti aligonga meza. Karani mmoja ameandika kwa L, mwingine kwa R. Huyu amelitanguliza jina la baba, yule amelitupa. Mmoja ana mtu aliyefariki, mwingine ana mtu aliyefutwa na wakubwa lakini barua haikushuka milimani. Wakigonga, wanasimama, wanalinganisha, wanaandika kwa penseli. Wino haukuruhusiwa mpaka wote watano wakubaliane. Mikutano ya mwanzo, meza iligongwa mpaka alasiri. Baadaye niliweza kusoma kurasa mbili nzima pasipo meza kugongwa hata mara moja, na hapo ndipo Mama alitabasamu, bila kuinua macho.

Msinifahamu vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, hasa kwa vijana wa kompyuta kutoka mjini, na aliweza kumnunia mtu siku nzima kwa kosa la herufi moja. Alipenda jibini kupita kiasi. Mfanyabiashara mmoja, aliyekuwa kwenye orodha kwa haki kabisa, alimletea magurudumu mawili ya jibini ya Masisi, akazungukazunguka kwa maneno, hatimaye akaomba jina lake liangaliwe upya. Mama alimsikiliza. Akaomba kisu, akaikata jibini yote, akawagawia walinzi, wafagiaji, wageni waliokuwa kwenye foleni, mimi, na mfanyabiashara mwenyewe, kisha akala kipande chake polepole. Alipomaliza, akafungua faili la yule bwana mbele ya macho yake na kuandika kwamba leo ameleta jibini, imeliwa na watu wote, na jina lake linabaki. Nilimwambia baadaye kwamba angeikataa tu. Akanijibu kwamba jibini haikuwa na kosa lolote.

Alichukia uongo kuliko kitu chochote, lakini nilimsikia akisema uongo mmoja. Tulikuwa njiani tukaangukia kwenye kizuizi cha watu wenye bunduki ambao mkubwa wao alikuwamo ndani ya bidoni ile, ukurasa wa kwanza. Kijana aliyetusimamisha akauliza zile karatasi ni nini. Mama akasema ni nyimbo za kwaya. Kijana akamwambia basi aimbe. Mama akatoa orodha ya vikwazo, akavaa miwani, akaishika mbele yake kama kitabu, akaimba wimbo mzima wa sifa, beti zote. Mimi nikashika besi. Kwenye ubeti wa mwisho yule kijana alikuwa amevua kofia. Tulipita. Jumapili iliyofuata Mama alisimama kanisani, akatubu mbele ya watu kwamba alisema karatasi fulani ni nyimbo nazo hazikuwa nyimbo. Watu walidhani ni kosa dogo mno la kutubiwa hadharani. Mimi nilikaa nyuma, nikijua karatasi zenyewe.

Kuna Jumatatu moja ambayo sitaisahau. Nilikuwa nasoma majina mapya yaliyotoka juu, wanunuzi wa madini wa upande wa Walikale. Nikalisoma jina moja lililoandikwa vibaya sana, makosa matatu ndani yake, jina ambalo kwa maandishi yale lisingemnasa mtu yeyote kwenye kizuizi chochote. Hakuna aliyegonga. Nikataka kuendelea. Mama akagonga.

Alisema jina lile lina makosa, tuandike anavyosema. Akalitamka herufi kwa herufi. Akataja kilima. Akataja shule. Alipofika kwenye jina la babu akasita kidogo, kisha akalitaja, na wazee waliokuwa mezani wakainamisha vichwa, maana babu yule alikuwa baba yake Mama. Aliyeandikwa alikuwa mtoto wa dada yake, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Alikuwa amenunua mchanga wa madini kwa wenye bunduki, na Mama alikuwa amethibitisha. Alivua miwani, akaifuta kwa kikwembe.

"Endelea kusoma, Papa," akaniambia.

Nilisoma. Sijui nilisoma nini.

Ukoo ulimtenga. Kwenye mazishi alikaa peke yake, na mashamba ya familia hakuitwa tena kuvuna. Hakulalamika, ingawa alikonda. Hata hivyo kila mwezi niliona anawapa wanawake wa biashara waendao Walikale kifurushi, chumvi, sabuni, dawa ya malaria, na siku moja sweta, wampelekee yule kijana. Nilimwuliza kama hiyo si kuvunja vikwazo.

"Vikwazo iko kwa madini yake," akasema. "Haiko kwa tumbo yake."

Kutoka kwake nilijifunza kwamba haki na huruma zinaweza kutoka mkono mmoja, na mkono huo ukachoka.

Kisha vita vikatufikia. Sitaeleza, anayetoka kwetu anajua na asiyetoka kwetu amesikia. Sake ilimwagika barabarani kwa siku moja. Ofisi zilifungwa, mashefu wakatawanyika, meza ya Jumatatu ikawa kuni za mtu. Nilipata kazi tena Walikale, na baada ya muda, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua njia, nikapewa cheo kile kile. Watu wa huku wananiita Papa Pwefokali. Kila ninapoitwa hivyo nageuka kutazama kama hayupo nyuma yangu.

Nilisikia kwamba yuko kijiji cha Mpofi. Mwaka huu, nikiwa safarini kupeleka orodha, nikashuka pale. Nilionyeshwa nyumba ya mbao pembeni mwa kijiji, mpya bado, iliyojengwa na yule mtoto wa dada yake. Alikuwa ameiacha biashara ile, na jina lake lilikuwa limefutwa kwa njia ndefu kama ya kila mtu, bila kuharakishwa hata siku moja.

Mama alikuwa amekaa nje na beseni, anamenya mihogo. Amezeeka. Alinitambua kwa sauti kabla ya uso. Aliniuliza habari za mke wangu na watoto, kisha za ofisi: kama wanakula kabla ya kusoma, kama penseli bado zinapatikana. Nilimjibu moja moja. Halafu nikamwambia neno lililonileta. Nikasema nimekuja kumshukuru kwa sababu siku ile ya Bahati angeweza kunifukuzisha kazi, na badala yake alinifundisha kazi. Nikasema kila mtu aliyepona kwa mkono wangu tangu siku ile amepona kwa mkono wake.

Aliendelea kumenya.

"Barua nilikuwa nayo," akasema. "Ilikuwa tayari na kashe, muhuri ya ofisi. Nilikuja Sake nayo mu bidoni, ya kukufukuza."

Nikamwuliza ilikwenda wapi.

"Niliipasua. Mu maisha yangu ya kazi nilipasua karatasi moja tu, na ni ile." Akatia muhogo kwenye beseni. "Nilifika mapema kuliko vile ulijua, Papa. Nilipitia nyuma, kwa kasho. Nilikuta umekaa chini mbele ya mulango, unakula bugali na yule muntu sahani moja. Nikajisemea, huyu hajue kusoma, lakini iko na moyo. Kusoma, nitamufundisha."

Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya sahani ile. Nilijaribu kuitafuta kichwani, mchana ule, mlango ule, na sikuiona. Miaka yote nilijua aliniona nikiwa mjinga. Sikujua kwamba aliniona.

Dereva wa pikipiki alipiga honi barabarani. Nikamwashiria angoje. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu cha pili kilichokuwa kwenye beseni, na tukamenya mihogo, yeye na mimi, mpaka ikaisha.